Kichwa ni cha Mwenye Ndoana

Daktari amenikataza chumvi na hasira. Chumvi nimeacha. Hasira nazo nimejaribu, moja baada ya nyingine, lakini kuna hii ya ndoana ambayo sitaiacha, nitazikwa nayo. Wajukuu wakinisikia naanza habari ya ndoana wanatazamana. Wanadhani bibi amechanganyikiwa: watu walichapwa, walihamishwa, walinyang'anywa ardhi, na yeye analalamikia kipande cha chuma kisichozidi kidole. Basi naandika, ili wasome mpaka mwisho bila kunikatiza.

Mama yangu alizaliwa kando ya mto, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Kamalondo, mtaa wetu wa mjini. Jina la mto silitaji, maana Wazungu waliliandika vibaya kwenye ramani na kosa lao limeshika mpaka leo. Kabla mimi sijazaliwa walikuja na vigingi na kamba, wakapima, wakasema pori lile sasa ni hifadhi, wanyama na samaki wapate kupumzika. Kijiji kizima kikaambiwa kifungashe. Wengine walipelekwa kulima kando ya barabara. Baba na mama wakaja mjini, Elisabethville, baba akapata kazi ya kufyatua matofali, na mimi nikazaliwa Kamalondo katika chumba kilichopakana na cherehani ya jirani. Sisi watoto tulikua tunasikia habari za mto kama wengine wanavyosikia habari za peponi, ila mto ulikuwepo, na njia ya kwenda tuliijua.

Wazee wa kijiji hawakuacha kuomba. Waliomba kwa padri, wakaomba kwa msimamizi, wakaomba tena. Mwishowe serikali ikatoa kadi kwa wachache waliozaliwa pale, wake kwa waume, kadi ya karatasi ngumu yenye muhuri, ya kuwaruhusu kuvua siku ya Jumamosi. Kadi haikurithiwa. Mwenye kadi akifa, kadi inarudishwa ofisini, na mtoto wake, aliyeruhusiwa kumsindikiza tu, anabaki mgeni kama mtu yeyote. Kufikia miaka ile ya hamsini ninayoisimulia, baba alikuwa amekufa, wazee wenzake pia, wengine walikuwa wamenyang'anywa kwa makosa madogo madogo, na kadi iliyobaki ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya mama. Siku ambayo kadi ile ingepotea, hapangekuwa tena na mtu wa mto ule mwenye ruhusa ya kukanyaga ukingo wake. Hilo mama alilijua, nami nililijua, na kila Jumamosi tuliishika kadi ile kama watu wanavyoshika yai.

Nyuma ya kadi palikuwa na masharti, na mimi ndiye niliyemsomea, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule ya masista na Kifaransa nilikijua vizuri. Vikapu marufuku. Hapo tayari mama aligoma kunielewa, maana katika kijiji chake wanawake walivua kwa vikapu, ndoana ilikuwa kazi ya wanaume. Nyavu marufuku. Ukingo wa kusini tu, ule wenye matope. Mshipi mmoja, ndoana moja, na ndoana yenyewe isiwe na kijino.

Kijino ni kile kipande kidogo kinachogeuka nyuma karibu na ncha, kinachofanya ndoana iingie kirahisi na itoke kwa shida. Bwana Konservateri, Mzungu aliyekuwa mkuu wa hifadhi, alieleza sababu kwa upole mwingi. Kijino kinachana mdomo wa samaki. Samaki mdogo lazima arudishwe majini, na akirudishwa na mdomo uliochanika anateseka. Tuwe na ubinadamu, alisema. Nilitafsiri neno hilo nikiwa nimesimama mbele yake, na mwaka huo huo, gerezani mjini, watu walikuwa wanalazwa chini na kuchapwa fimbo ya ngozi ya kiboko mpaka wanashindwa kuketi. Mjomba wa mume wangu alikuwa mmoja wao. Fimbo ile hakuna aliyetafuta kuipunguzia makali. Mkuki kwa nguruwe mtamu, hilo nalielewa, lakini hawa walikuwa wamefika mahali pa kumhurumia nguruwe na kumsahau mtu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa Kiswahili cha mjini kwetu ambako maji ni mayi, “Kama anamuhurumia samaki, amuache mu mayi.”

Sikulitafsiri hilo. Nilimwambia Bwana Konservateri kwamba mama ameelewa na anashukuru. Nitakiri mapema: mengi sikuyatafsiri siku zile. Mume wangu alikuwa na kazi nzuri ya reli, na mimi nilikuwa mwoga mwenye Kifaransa kizuri.

Mama akachukua koleo, akakibana kijino mpaka kikalala, akakisugua kwenye jiwe. Akajifunza kuvua kwa ndoana akiwa na mvi kichwani. Na jambo lililonifurahisha, sitaki kulificha, ni kwamba aliwashinda wote. Ndoana isiyo na kijino inamshika samaki mradi tu mshipi umekaza. Ukilegea kidogo, amekwenda. Mama alivua kwa mkono, bila fimbo ya kuvulia, mshipi umezungushwa kiganjani, na samaki akiuma alivuta mara moja, moja kwa moja, kama anayetoa ndoo kisimani. Ng'ambo, kwenye ukingo mzuri wenye majani mafupi na viti, Wazungu wa Jumamosi walikuwa na fimbo ndefu na magurudumu ya kuzungusha. Wao hawakutaka samaki atoke upesi. Walitaka apigane, akimbie, arudi, wacheke, waitane waje kutazama. Katika kucheza kule mshipi ulilegea, na samaki akaenda zake. Mama alikuwa akiwatazama na kuniuliza kama wale watu hawana kazi nyumbani.

Lakini kuna jambo halikumchekesha hata mara moja. Kijiji cha mama kilikuwa na sharti lake, la zamani kuliko kadi zote. Mvua za kwanza zikinyesha, kambale hupanda kutoka mtoni kuingia kwenye majani yaliyofurika, matumbo yamejaa mayai, na wakati huo hakuna mtu aliyevua. Si kikapu, si ndoana, si mtoto na kijiti. Mzee mmoja mwanamke alitembea ukingoni na kusema waacheni, na watu waliwaacha mpaka maji yalipotulia. Sasa chini ya hifadhi, mvua za kwanza ndizo zilikuwa sikukuu ya Wazungu. Kambale walikuwa wengi, wako kwenye maji mafupi, wazito. Walikuja kwa magari kutoka mjini, wakawavuta wale mama wenye mayai, wakawapima, wakapiga nao picha, wakawarudisha majini nusu wafu, wakasema wamewahifadhi. Mama alikuwa anakaa upande wa pili bila kutupa mshipi. Alikwenda tu ili awepo. Alisimama na kusema neno lile la kuwaacha, kwa sauti ya kawaida, ng'ambo hakuna aliyesikia, nasi tukarudi mjini mikono mitupu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, miguu inaniuma, nikamuuliza tulikwenda kufanya nini. Alitangulia kusukuma baiskeli.

Sasa nifike siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, mvua bado ziko mbali, siku halali ya kuvua. Kabla ya saa sita mama alivuta kambale mkubwa, mrefu kama mkono wangu mzima. Alipomfungua mdomo atoe ndoana yake, akakuta nyingine. Imekaa pembeni mwa mdomo, nyama imeivimbia, na kipande cha mshipi mwembamba wa Kizungu bado kinaning'inia. Ndoana nzuri, ya dukani, shingoni imefungwa uzi mwekundu na manyoya mawili. Na kijino chake kimesimama wima.

Mwenyewe tulimjua. Jumamosi iliyotangulia, bwana mmoja wa ng'ambo, mwenye kofia iliyochomekwa ndoana za rangi pande zote, alikuwa amepiga kelele mpaka sisi tukasimama: samaki mkubwa amemkatia mshipi. Wenzake walimcheka sana.

Hapa nawaomba wajukuu wasome polepole. Katika kijiji cha mama, zamani, chuma kilikuwa adimu. Mhunzi alifua ndoana chache, kila nyumba na alama yake kwenye shina. Ukifungua samaki ukakuta ndoana ya mtu, hukuificha. Uliipeleka kwake, pamoja na kichwa cha samaki, kwa sababu yeye ndiye aliyemshika kwanza mdomo. Kichwa ni cha mwenye ndoana, mwili ni wa aliyemtoa majini. Aliyeficha ndoana ya mwenzake aliitwa mwizi mpaka kaburini. Mama alikuwa ameishi mjini miaka thelathini, amenunua sokoni, amepanga mistari ofisini, amepigiwa filimbi ya kuzima taa, lakini hilo halikutoka ndani yake. Alikata jani, akaifunga ndoana humo, akambeba kambale mzima mzima begani, ili kichwa kikatwe mbele ya mwenyewe asije akadhani amepunjwa. Akaniambia twende.

Na mimi, niliyeyasoma masharti kwa sauti, niliyejua kila neno nyuma ya kadi ile, sikuona hatari. Naapa sikuona. Nilichoona ni bwana yule akishangaa, akisema asante, labda akimwambia Bwana Konservateri kwamba mama huyu ni mtu mwaminifu. Nilijipangia hata maneno ya Kifaransa, yale mazuri ya masista. Kila nikikumbuka nilivyokuwa nayapanga njiani, kwenye daraja la magogo, naona haya.

Walikuwa barazani wanakunywa bia na kucheza karata, watu kama sita, Bwana Konservateri katikati. Mlinzi alitusimamisha kwenye ngazi. Mlinzi huyu alikuwa mtoto wa mdogo wake mama, amevaa kaki na kofia nyekundu ya serikali, na alimwita mama mukubwa kwa sauti ya chini ili wakubwa wake wasisikie. Mama alikunja magoti, akapiga makofi mepesi ya salamu, akafungua jani.

“Bwana, hii ndobo haiko yangu,” alisema, maana ndoana kwetu ni ndobo. “Niliikuta mu kinywa ya samaki. Iko ya ule bwana wa kofia. Nimekuya kumurudishia, na kichwa yake.”

Nilitafsiri vizuri kabisa. Bwana Konservateri akainuka, akaichukua ndoana, akaipitisha kwenye kidole gumba, polepole, mpaka ikamkwama. Akauliza kama huyu mwanamke anajua kwamba ndoana yenye kijino ni marufuku ndani ya hifadhi. Nikasema anajua, ndiyo maana ameileta. Akauliza ilikuwa mikononi mwa nani. Nikasema ilikuwa mdomoni mwa samaki. Akasema hapana, yeye anauliza sasa hivi, alipofika hapa, ilikuwa mikononi mwa nani.

Nilimtazama yule wa kofia. Alikuwa ameiona ndoana yake, na alijua kwamba nimejua. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Kisha akainamisha macho kwenye bilauri ya bia, akaanza kuondoa povu na kidole.

Mama hakuhitaji Kifaransa kuelewa. Akageuka kwa yule bwana, bila ukali. “Bwana aseme tu iko yake. Basi.”

Sasa sikilizeni mwoga wenu alivyotafsiri. Nilisema, mama anaomba radhi kwa usumbufu.

Ndivyo nilivyosema. Sentensi moja ya kweli ilihitajika pale barazani, ya mtu mmoja, na tulikuwa wawili tulioweza kuisema, yeye na mimi, wote tukaikalia. Yeye alilinda bia yake na sifa yake kwa wenzake. Mimi nililinda kazi ya mume wangu, ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja. Sijui ni yupi kati yetu alistahili kuchapwa.

Bwana Konservateri akaomba kadi. Mama akaitoa kifuani, ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa safi. Bwana Konservateri akaichana vipande viwili, wala si kwa hasira, kama mtu anayechana bahasha, akaandika kwenye kitabu, akamwonyesha mama mahali pa kuweka kidole. Mama akaniangalia. Nikamwambia aweke. Akaweka.

Ndoana ilikuwa bado juu ya meza, kati ya chupa. Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, yule bwana akanyoosha mkono, akaichukua, akaipuliza, akaichomeka kwenye kofia yake pamoja na zile nyingine. Bwana Konservateri alimwona. Wote walimwona. Hakuna aliyeuliza ile kofia imejaa ndoana za namna gani.

Nikadhani yameisha, lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Bwana Konservateri alikuwa anasoma kitabu chake cha sheria, na humo akakuta kwamba samaki aliyevuliwa kwa kosa hurudishwa majini. Akamwamuru mlinzi amrudishe kambale. Nilimwambia, kwa adabu, samaki amekufa. Akajibu kwamba sheria haisemi kama yuko hai au amekufa, sheria inasema arudishwe. Mlinzi alisita. Akaitwa mara ya pili. Basi mtoto wa ndugu yake mama akamchukua yule samaki begani kwa mama yake mkubwa, akashuka naye kwenye ukingo mzuri wenye majani mafupi, akamweka majini kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama sheria ilivyotaka. Samaki akageuka tumbo juu, akaanza kuelea kufuata mkondo, na mabwana wakasimama na bia zao kuhakikisha ameenda salama.

Mama akavua kandambili. Akakunja kitenge, akashuka majini hatua chache mbele ya samaki, maji yakamfika kiunoni. Mlinzi alimfuata mpaka ukingoni, akamwambia, “Mama mukubwa, toka mu mayi, nakuomba,” na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, hilo nampa. Mama hakugeuka. Aliusubiri mkondo umletee samaki, akampitisha mkono chini ya tumbo, akamshika kwenye mashavu, akatoka naye. Alipanda mpaka mbele ya baraza, kitenge kinachuruzika, akasimama pale pale aliposimama mwanzo. Mara hii hakukunja magoti.

“Waambie baandike,” aliniambia. “Mara hii nilimukamata na mikono. Ndobo hakuna, kijino hakuna.”

Hilo nililitafsiri. Nililitafsiri neno kwa neno, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na nikaongeza la kwangu: kwamba ndoana ni ya bwana yule pale, iko kwenye kofia yake, waihesabu na nyingine zote kama wana macho. Lilikuwa limechelewa. Kadi ilikuwa imeshachanwa. Lakini lilitoka.

Bwana Konservateri alifungua kitabu, akageuza kurasa, akatafuta mikono, na mikono haikuwemo. Mama akatoa kisu chake kiunoni, akamlaza kambale kwenye ngazi ya baraza, akakata kichwa kwa mapigo mawili. Akakibeba, akapita mbele ya Bwana Konservateri, akakiweka mezani mbele ya yule wa kofia, juu ya karata walizokuwa wanacheza.

“Hii iko ya mwenye ndobo,” alisema.

Tukaondoka. Njiani alisukuma baiskeli mpaka tulipofika kwenye barabara kubwa, ndipo akaniuliza, pale barazani alipomwambia bwana wa kofia aseme ni yake, mimi nilitafsiri nini. Nikamwambia ukweli. Akaitikia kwa kichwa, akasema alifikiri hivyo, kwa sababu maneno yangu yalikuwa mengi kuliko yake. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Mwili wa kambale tuliupika jioni ile, tukawapelekea majirani, na fundi cherehani akasifu mchuzi bila kujua umetoka wapi. Mume wangu hakufukuzwa kazi. Hakuna aliyekuwa amelifikiria jina lake hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ikanyesha, usiku kucha, na asubuhi magari ya Wazungu yakapita, fimbo zao ndefu zimetoka madirishani. Mama alikuwa amevaa, kandambili mguuni, baiskeli imeegemezwa mlangoni. Alisimama pale mpaka gari la mwisho likapita, kisha akairudisha baiskeli ndani. Kambale walikuwa wanapanda na mayai yao, na kwenye ukingo wa matope hapakuwa na mtu wa kusema waacheni.